Je, Yafaa Kubadili Prosesa ya Kompyuta Kuukuu?

Likizo inapokaribia, wanafunzi wenye kompyuta za michezo nyumbani huanza kupiga hesabu. Mmoja asema mashine yake ina umri wa miaka minane na sasa yakokota miguu. Wa pili amwambia atie prosesa mpya, itakimbia kama paa. Wa tatu asema heri auze yote anunue nyingine. Kila mmoja husema kwa nguvu, lakini ni wachache waliopima jambo lolote kabla ya kusema. Na kwa kuwa fedha za ununuzi huo mara nyingi hutoka mfukoni mwa mzazi, ambaye ana nauli, sare na chakula cha nyumba nzima cha kufikiria, naona yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu, ili mwanafunzi ajue anachoomba, na mzazi ajue anacholipia.

Kwanza tujue kazi ya prosesa. Hiki ni kipande kidogo, upana wake wakaribia kisanduku cha kiberiti, kilichokaa juu ya ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi wa mjini huuita mazabodi. Kazi yake ni kufuata maagizo ya programu na kufanya hesabu. Intel 4004, ambayo ni miongoni mwa prosesa za kwanza kabisa za namna hii kuuzwa madukani, ilitoka mwaka 1971 ikiwa na transista 2,300 hivi. Za siku hizi zina mabilioni. Kasi yake hutajwa kwa gigahezi, yaani mapigo bilioni moja kwa sekunde. Lakini mtu asidanganyike na hesabu hiyo peke yake. Prosesa mbili zaweza kuwa na gigahezi sawasawa, na iliyotengenezwa baadaye ikafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo, kama vile wakulima wawili wainuapo majembe kwa mwendo mmoja, lakini jembe la mmoja ni pana zaidi. Tena prosesa za sasa zina viini kadhaa, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja awezaye kushika kazi yake. Katika prosesa nyingine kila kiini chaweza kushika kazi mbili kwa kupokezana.

Katika mchezo wa kompyuta, prosesa haichori picha. Yenyewe huhesabu mambo: mpira umefika wapi, mchezaji amegeukia upande gani, adui amekusudia nini. Ikimaliza, huiagiza kadi ya picha ichore. Kadi nayo huchora picha moja nzima, kisha nyingine, na nyingine. Picha hizo zikipita 60 kwa sekunde, macho huona mwendo laini. Maana yake ni kwamba kila picha ina muda wa milisekunde 16 na kitu tu kukamilika, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Ili tuelewe vizuri, na tuwatazame watu wawili wapikao chapati jikoni. Mmoja husukuma unga, wa pili huchoma. Msukumaji akimaliza chapati moja, humpa mchomaji, na papo hapo huanza kusukuma nyingine. Sasa, ikiwa kusukuma ni dakika moja na kuchoma ni dakika mbili, chapati zitatoka moja kila dakika mbili. Ukimwondoa msukumaji huyo ukaleta hodari asukumaye kwa nusu dakika, chapati bado zitatoka moja kila dakika mbili! Utakachoongeza ni rundo la chapati mbichi zinazongoja moto. Lakini ikiwa msukumaji ndiye mzito na mchomaji anakaa bure akipunga mwiko, hapo kumleta msukumaji hodari ni shauri la busara.

Prosesa ni msukumaji, kadi ya picha ni mchomaji. Tuseme katika kompyuta moja prosesa hutumia milisekunde 12 kuandaa picha, na kadi hutumia milisekunde 25 kuichora. Mchezo huo utakwenda picha 40 kwa sekunde, kwa sababu 1,000 ukigawa kwa 25 ni 40. Ukinunua prosesa iandaayo kwa milisekunde 6, bado utapata 40 zilezile, na fedha zimekwisha. Tugeuze hesabu: prosesa itumie 25, na kadi itumie 12. Hapo napo ni picha 40. Lakini ukileta prosesa itumiayo 15, utapata zaidi ya picha 66. Ununuzi ni uleule, bei ni ileile. Katika nyumba moja umeleta faida, katika nyingine umeleta majuto. Ndiyo sababu swali la kwanza si "Prosesa gani iliyo bora?" bali ni "Nani anayechelewesha chapati?"

Swali hili laweza kujibiwa bila kutumia hata senti moja. Fanya kama tufanyavyo katika maabara: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uandike kila unaloliona. Chagua mchezo mmoja unaokusumbua, na mahali pamoja ndani ya mchezo huo. Ikiwa kuna kizuizi kinachofunga picha zisizidi idadi fulani, kizime. Cheza dakika tano, uandike idadi ya picha kwa sekunde. Michezo mingi ina njia ya kuionyesha katika pembe ya skrini. Rudia mara tatu. Kisha punguza ukubwa wa picha, mathalani kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, usibadili kitu kingine, ucheze tena pale pale mara tatu. Nukta za kuchora zimepungua kutoka milioni mbili na ushei hadi laki tisa na ushei, kwa hiyo kazi ya kadi imepungua zaidi ya nusu. Kazi ya prosesa haikupungua, kwa maana mpira ni uleule na adui ni walewale.

Sasa soma daftari lako. Ikiwa picha zimeongezeka sana, basi kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, na prosesa mpya haitakusaidia. Ikiwa hazikuongezeka, au zimeongezeka kidogo tu, basi kadi ilikuwa ikingoja, na shaka yaielekea prosesa. Wako wanaofungua dirisha la Task Manager, wakiona prosesa imeandikwa asilimia 40 husema, "Kumbe bado ina nguvu!" Hapo huenda wakapotea. Asilimia hiyo ni wastani wa viini vyote. Kiini kimoja chaweza kuwa kimechoka kabisa huku vingine vimelala, na mchezo ukamngoja huyo mmoja aliyechoka. Vilevile usitazame wastani wa picha peke yake. Mchezo wenye wastani wa picha 60, lakini unaoshtuka na kusimama kila baada ya muda, wachosha kuliko ule uendao 45 bila kushtuka. Mishtuko ya namna hiyo mara nyingi hutokea kwa prosesa zenye viini vichache katika michezo ya miaka ya karibuni. Na ukumbuke skrini yako: ikiwa yaonyesha picha 60 tu kwa sekunde, hutaziona 100, hata ukilipia 100.

Tuseme shaka imeielekea prosesa. Bado tusikimbilie dukani, maana huenda yasingiziwa. Katika nchi zetu vumbi la kiangazi huingia kila mahali, na feni ya kompyuta huvuta kama mfagio. Vumbi likiziba, joto hukosa njia ya kutoka. Prosesa nyingi zikifikia joto la karibu digrii 95 au 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Tena kati ya prosesa na chuma cha kupozea kuna ute mzito wa kupitishia joto, ambao mafundi huuita pesti, nao hukauka baada ya miaka. Kupuliza vumbi na kupaka pesti mpya ni kazi ya saa moja na gharama ndogo, na pengine mashine yako ikarudia kasi iliyokuwa nayo siku ya kwanza.

Tazama pia kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani ramu. Ikiwa ni gigabaiti 8, michezo mingi ya sasa huijaza, na ziada hupelekwa kwenye diski, ambayo ni nzito mno kwa kazi hiyo. Ikiwa ni kipande kimoja badala ya viwili, prosesa hupokea mizigo yake kwa mlango mmoja badala ya miwili. Na ikiwa diski ni ile ya zamani ya sahani izungukayo, hiyo ndiyo sababu ya kompyuta kuwaka polepole, wala si prosesa. Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alionyesha kwamba ukiharakisha sehemu moja tu ya kazi, sehemu usiyoigusa ndiyo itakayokuwekea mpaka. Fanya hesabu hii: mchezo huchukua sekunde 100 kufunguka, nazo sekunde 80 ni za kungoja diski na 20 ni za prosesa. Ukileta prosesa yenye kasi maradufu utaokoa sekunde 10 peke yake, na bado utakaa sekunde 90 ukitazama skrini. Diski ya SSD, isiyo na sahani ya kuzunguka, ingekuokolea zaidi kwa fedha kidogo.

Baada ya hayo yote, ikionekana kweli kwamba prosesa ndiyo mzigo, laja swali la pili: ubao wako waweza kupokea ipi? Hapa nitachukua kompyuta mbili zenye umri mmoja, kwa sababu hali zao zafundisha mengi.

Ya kwanza ina prosesa ya Intel Core i5-7400, iliyotoka Januari 2017. Ina viini vinne, na kila kimoja hushika kazi moja tu. Soketi yake, yaani kikao cha prosesa juu ya ubao, huitwa LGA 1151. Kubwa kuliko zote ubao wa namna hiyo uwezayo kupokea katika michezo ni Core i7-7700K, nayo ni ya mwezi uleule: viini vinne, kila kimoja kazi mbili. Oktoba 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha nane, kama Core i5-8400 yenye viini sita. Hizo nazo zatumia soketi iitwayo 1151, na kwa macho zafanana. Lakini zilihitaji mbao mpya; ukizitia katika ubao wa kizazi cha saba hazifanyi kazi. Wako walionunua kwa kutazama jina la soketi tu, wakabaki na prosesa isiyo na pa kukaa. Basi mwenye kompyuta hii, akibaki na ubao wake, hana njia ila kununua prosesa iliyokwisha tumika, ya mwaka uleule wa mashine yake.

Ya pili ina AMD Ryzen 5 1600, iliyotoka Aprili 2017, yenye viini sita na kazi kumi na mbili. Soketi yake ni AM4. Kampuni ya AMD iliendelea kutumia soketi hiyo kwa vizazi kadhaa, na mwaka 2022 hata mbao za mwanzo kabisa, kama zile za B350, ziliruhusiwa kupokea prosesa za Ryzen 5000, mradi zitiwe programu mpya ya BIOS. Kwa hiyo mwenye ubao wa 2017 aweza kutia Ryzen 5 5600, iliyotangazwa mwaka 2022 kwa bei ya dola 199 za Marekani. Nayo ina viini sita na kazi kumi na mbili, na kipimo cha wati 65, kama ile ya kale. Lakini kasi yake ya juu ni gigahezi 4.4 dhidi ya 3.6, na kwa kila pigo hufanya kazi zaidi. Ubao ni uleule, ramu ni ileile, sanduku ni lilelile.

Hata hapa pana tahadhari. Si kila ubao ulipewa BIOS hiyo, kwa hiyo tafuta kwanza orodha ya mtengenezaji wa ubao wako, usome jina la prosesa kwa macho yako mwenyewe. BIOS mpya yapasa kutiwa wakati prosesa ya zamani bado imo, maana ukiitoa kwanza, mashine yaweza kukataa kuwaka na hutakuwa na njia ya kuisaidia. Na kazi hiyo usiifanye siku ambayo umeme wakatika-katika. Umeme ukizimika katikati, ubao waweza kufa kabisa. Mwenye kompyuta ya mkononi naye ajue kwamba katika nyingi za siku hizi prosesa imechomelewa kwenye ubao, haibadiliki.

Liko jambo jingine linalogusa kompyuta zote mbili, nalo si la michezo. Kompyuta ya michezo nyumbani mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya kusomea, ya kuandikia barua za baba na ya kuwekea hesabu za duka la mama. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 10 kinga za kawaida za usalama, ikabakiza mpango wa nyongeza kwa watu wa nyumbani hadi Oktoba 2026 tu. Windows 11, kwa kanuni za Microsoft, yataka prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache za kizazi cha saba, au za Ryzen 2000 na kuendelea. Basi i5-7400 haimo, na Ryzen 5 1600 haimo.

Sasa tazama tofauti. Mwenye kompyuta ya kwanza akinunua i7-7700K, atapata picha zaidi, lakini mlango wa Windows 11 utabaki umefungwa, kwa sababu hiyo nayo haimo katika orodha. Mwenye kompyuta ya pili akitia Ryzen 5 5600, ameutatua mchezo na usalama kwa ununuzi mmoja. Kwa hiyo shauri langu kwa wa pili ni hili: ikiwa kipimo kimeonyesha prosesa ndiyo nzito, na ubao wake umo katika orodha, anunue. Kwa wa kwanza: asinunue prosesa peke yake. Aweke akiba mpaka aweze kununua ubao pamoja na prosesa. Si lazima atupe kila kitu. Ikiwa ramu yake ni DDR4, kama zilivyo nyingi za mwaka ule, yaweza kuhamia katika ubao wa AM4 pamoja na diski na kadi ya picha, kwa sharti kwamba sanduku na pawasaplai ni za vipimo vya kawaida. Kompyuta nyingi zilizotoka ofisini zina pawasaplai za namna ya pekee, zisizoingiana na mbao nyingine. Na anayetumia Linux, ambayo hailipiwi, hafungwi na orodha ya Microsoft, ijapokuwa michezo kadhaa ya kushindana haikubali kuchezwa humo.

Mwisho tuje kwenye daftari la fedha, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Bei ya prosesa siyo bei ya kazi yote. Andika pia nauli ya kwenda mjini, ujira wa fundi, pesti, feni ikiwa ya zamani haifai, na kitu cha kufidia hatari ya kununua kilichotumika. Kisha toa fedha utakazopata ukiuza prosesa ya zamani. Jumla hiyo iweke kando ya bei ya ubao na prosesa pamoja. Ikiwa tofauti ni ndogo, subiri ukusanye. Ikiwa ni kubwa, na mashine itakufaa miaka mitatu au minne mingine, basi umepata sababu.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wakasema tena usiache mbachao kwa msala upitao. Wala hawakutuzuia kununua. Walitaka tujue tunaacha nini na tunapokea nini. Basi mzazi ambaye mwanawe atamjia likizo hii akiomba prosesa, asimkatalie wala asimkubalie upesi. Amwulize maswali matatu. Umepima, na hesabu zako ziko wapi? Ubao wako waipokea, na orodha umeisoma? Baada ya kuitia, kompyuta itaweza kutufaa sisi wote kwa muda gani? Mtoto mwenye majibu ya maswali hayo katika daftari lake amestahili kusikilizwa. Asiye nayo, apewe kwanza brashi ya kusafishia vumbi, na likizo nzima ya kupimia.